Ovafloo ya kuning'iniza kwenye tangi la matumbawe: hesabu kabla ya kununua, brashi baada ya kufunga

Ukitaka sampu (tangi la pili lenye pampu na vichujio) chini ya tangi la matumbawe, maji lazima yashuke yenyewe kwa kiasi kilekile ambacho pampu inakipandisha. Njia iliyo bora ni kutoboa kioo na kufunga tenki konekta, yaani kiungo cha kupitisha bomba kwenye tundu. Kama tangi lako bado ni tupu na kioo chake si cha tempa (kilichoimarishwa kwa joto), mpe fundi wa vioo kazi hiyo na usijisumbue na boksi lolote la ovafloo. Kujua kama kioo ni cha tempa, weka kompyuta mpakato yenye skrini nyeupe nyuma yake, kisha tazama kutoka upande wa pili ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaroidi. Kioo cha tempa huonyesha mabaka na michirizi myeusi. Cha kawaida hakionyeshi kitu. Cha tempa hakitobolewi, kinasambaratika chote mara moja.

Boksi la kuning'iniza, yaani ovafloo inayoshusha maji bila kutoboa kioo, ni la yule ambaye tangi lake tayari lina maji, mawe na samaki, au ambaye kioo chake hakitoboleki. Linafanya kazi vizuri miaka na miaka, ila lina tabia zake, na asiyezijua atazijua kupitia zulia lililoloa.

Lina sehemu mbili. Boksi la ndani linakaa ndani ya tangi, ukingo wake wa juu umechongwa meno. Maji ya juu kabisa, ambako mafuta na uchafu wa protini hujikusanya, hupita kati ya meno hayo na kuangukia ndani. Kutoka hapo bomba la U lililopinduliwa linayavusha juu ya ukingo wa kioo hadi boksi la nje, kwa kanuni ileile ya kunyonya mafuta ya gari kwa mpira, yaani sifoni. Ndani ya boksi la nje kuna ukuta mfupi au bomba lililosimama, ndilo linaloamua maji yakae kimo gani. Yakizidi kimo hicho yanaingia kwenye tundu la kutolea na kuteremka kwenye sampu.

Uzuri wake unaonekana umeme ukikatika. Pampu inasimama, maji ya tangi yanashuka hadi chini ya meno na kuishia hapo. Maboksi yote mawili yanabaki na maji, miguu yote miwili ya bomba la U inabaki imezama, hewa haipati pa kuingilia. Umeme ukirudi sifoni inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kwa sisi wa mgao wa umeme, kukatika kwa umeme kwenyewe si tishio kwa boksi lililotengenezwa na kufungwa sawasawa. Tishio ni hewa.

Hewa inaingiaje

Maji yanayoanguka kutoka kwenye meno yanabeba mapovu. Skima (mashine ya kuondoa uchafu wa protini) inayotema mapovu madogo kwenye sampu, pampu ikayavuta na kuyarudisha juu, inaongeza mengine. Kichwa cha kusukuma mawimbi kikiwa karibu na boksi nacho kinachangia. Halafu kuna hewa ambayo huioni: kwenye mgongo wa bomba la U mgandamizo wa maji uko chini kuliko ule wa hewa ya nje, kwa hiyo gesi zilizoyeyuka ndani ya maji hujitenga kidogokidogo na kubaki pale juu.

Maji yakipita kwa kasi, mapovu yanasukumwa na kutokea upande wa pili. Yakipita polepole, yanakusanyika juu na kuungana kuwa povu moja. Povu hilo linapunguza nafasi ya maji kupita, mtiririko unashuka, povu linakua. Mwisho wake sifoni inakatika huku pampu ya chini ikiendelea kupandisha maji kama kawaida, na tangi la juu linafurika.

Kasi inayotosha ni ipi? Povu la milimita chache hupanda kwenye maji yaliyotulia kwa sentimita 20 hadi 30 hivi kwa sekunde. Ili lisukumwe kuteremka mguu wa pili wa bomba, maji lazima yawe na kasi kubwa kuliko hiyo, na mimi singekubali chini ya sentimita 40 kwa sekunde. Chukua bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 25. Eneo la tundu lake ni sentimita za mraba 4.9. Mtiririko wa lita 1,500 kwa saa ni sentimita za ujazo 417 kwa sekunde. Gawanya kwa 4.9, unapata kasi ya sentimita 85. Hapo povu halikai. Kwa lita 800 kwa saa kasi ni 45, bado inafaa. Ukiweka mabomba mawili kwa lita hizohizo 800, kila moja linapata 23, na hapo umeyakaribisha mapovu mwenyewe.

Ndiyo maana ule ushauri wa "weka mabomba mawili ili moja likikata lingine libebe" ni nusu ya ukweli. Kwa lita 1,500 mabomba mawili ya milimita 25 yanapata sentimita 42 kila moja, sawa. Kwa mtiririko mdogo, bomba moja lenye kasi ni salama kuliko mawili yanayosinzia. Maboksi mengine huja na matundu mawili ya bomba la U. Mtiririko wako ukiwa mdogo, tumia moja na uliache la pili kabatini.

Aina mbili za sokoni

Nyingi ni za bomba la U. Eshopps wa Marekani wanajulikana sana kwa aina hii. PF-800 yao, kwa mfano, inatajwa kuwa na uwezo wa galoni 800 za Kimarekani kwa saa, karibu lita 3,000. Hakuna pampu ya ziada, hakuna kinachozunguka. Unaona bomba lote kwa macho, na likichafuka unalitoa na kulisafisha kwenye sinki. LifeReef nao wametengeneza za namna hiyo.

Aina ya pili haina bomba la U linalotoka. Njia ya juu ya ukingo ni chemba pana ya akriliki iliyounganishwa na boksi lenyewe, na mgongoni ina chuchu ndogo ya kuunganisha mpira wa hewa. Maboksi ya CPR ya mfululizo wa CS ndiyo mfano wake maarufu. Chemba hiyo ni pana, kasi ya maji ndani yake ni ndogo, kwa hiyo mapovu lazima yakae. Ufumbuzi wao ni kunyonya hewa hiyo muda wote kwa pampu ndogo, kwa kawaida Aqua Lifter ya Tom, inayovuta lita 13 hivi kwa saa. Ikifanya kazi, boksi hili hata lililopoteza sifoni kabisa linajianzisha lenyewe. Ikifa kimyakimya, utakuja kujua baadaye sana. Kiwambo cha mpira ndani yake huchoka, na mpira wa hewa huziba kwa chumvi na ute.

Wengine huunganisha mpira wa kunyonya kwenye tundu la venturi (linalovuta hewa maji yakipita) la kichwa cha kusukuma maji. Inafanya kazi, ila tundu lile ni dogo na mwani wa chokaa unalipenda.

Mimi ningechagua bomba la U karibu kila mara. Kitu kisicho na injini kina sababu chache za kuharibika. La CPR lina maana pale nafasi nyuma ya tangi ni finyu mno kwa bomba la U, na mwenye nalo yuko tayari kubadilisha pampu ya kunyonya kabla haijafa.

Kuna pia wanaojiungia la mabomba ya PVC ya inchi moja na elbo, kwa bei ya vifaa tu. Likiungwa vizuri linajianzisha lenyewe umeme ukirudi. Tatizo lake ni moja kubwa: huoni ndani. Povu linaweza kukaa mgongoni mwezi mzima bila wewe kuliona, na gundi iliyoacha kijitundu cha sindano inaingiza hewa bila kuvuja hata tone moja la maji, kwa sababu pale juu bomba linavuta ndani badala ya kusukuma nje.

Ukubwa

Anza na maji, boksi lifuate. Sampu haihitaji mtiririko wa ajabu. Mara 3 hadi 5 ya ujazo wa tangi kwa saa inatosha, na mawimbi ya ndani ya tangi yaachie vichwa vya kusukuma maji. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 ni lita 300, kwa hiyo lita 900 hadi 1,500 kwa saa.

Namba iliyoandikwa kwenye pampu ni ya kimo sifuri. Pampu ya lita 3,000, ikipandisha maji mita 1.3 kupitia elbo tatu, inaweza kutoa nusu tu. Usikisie. Toa mpira wa kurudishia kutoka kwenye tangi, uelekeze kwenye ndoo ya lita 20 iliyoshikwa kwenye kimo kilekile, na utumie saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 48, una lita 1,500 kwa saa. Ikijaa kwa sekunde 80, una 900.

Namba ya boksi nayo ni ya hali bora kabisa, bomba likiwa jipya. Nunua boksi ambalo uwezo wake unaotajwa ni karibu mara mbili ya mtiririko wako uliopima. Sababu iko kwenye fizikia: kinachosukuma maji kupita bomba la U ni tofauti ya kimo cha maji kati ya boksi la ndani na la nje. Ukizidisha mtiririko mara mbili, tofauti hiyo inakuwa karibu mara nne, maji ya boksi la ndani yanapanda hadi karibu sawa na ya tangi, na mtiririko ukizidi hapo tangi lenyewe linaanza kujaa. Ukiona hivyo, punguza maji siku hiyohiyo.

Koki ya kupunguzia iwekwe upande wa pampu, kamwe si kwenye bomba la kushukia. Wapo wanaobana njia ya kushuka ili maji yajaze bomba lote na kelele iishe. Kwenye matangi yaliyotobolewa yenye bomba la pili la dharura hilo ni jambo la kawaida. Kwenye boksi lenye tundu moja la kutolea, konokono mmoja mdogo kwenye koki iliyobanwa anatosha kumwaga maji sebuleni.

Kabla ya kulipa, pima pia ukingo wa tangi. Kioo cha milimita 10 pamoja na fremu ya plastiki au ubao wa kioo wa kuimarisha vinaweza kufika sentimita 3 na zaidi, na maboksi mengine hayakai hapo. Nyuma ya tangi acha sentimita 15 hadi 18 kutoka ukutani, maana utahitaji mkono kupita, si boksi peke yake.

Maji yataenda wapi

Hapa ndipo watu wengi huruka, na ndiyo sehemu inayoamua kama siku ya hitilafu utafuta sakafu au utaita fundi wa dari kwa jirani wa chini. Kuna hesabu mbili. Nitatumia lile tangi la 120 kwa 50, ambalo kila sentimita moja ya kimo ni lita 6.

Ya kwanza, pampu imezimika. Maji ya juu ya meno yanashuka. Kama yalikuwa sentimita 1.5 juu ya chini ya meno, hizo ni lita 9. Mdomo wa kurudishia maji nao unageuka sifoni ya kinyume na kuvuta maji ya tangi hadi hewa iingie. Ukiwa sentimita 2 chini ya maji, jumla ya upotevu inaishia kwenye lita 12, ongeza 2 za mabomba na boksi la nje: lita 14. Ukiwa sentimita 15 chini, ni lita 90, na hakuna sampu ya kawaida itakayozibeba. Watu hutoboa kitundu cha milimita 4 hadi 6 kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema. Toboa, lakini usikiamini peke yake, kwa kuwa mwani huziba kitundu hicho. Vali ya kuzuia maji kurudi nayo huota chokaa na kushindwa kufunga. Kinachoaminika ni mdomo wenyewe kuwa karibu na uso, na sampu kuwa na nafasi tupu ya kutosha.

Ya pili, sifoni imekatika na pampu inaendelea. Sasa pampu itapandisha kila tone lililo kwenye chumba chake hadi ivute hewa. Kwa hiyo maji ya chumba hicho, kuanzia uso wake hadi mdomo wa pampu, lazima yawe machache kuliko nafasi iliyobaki juu ya tangi. Chumba cha sentimita 25 kwa 35 chenye sentimita 14 za maji juu ya mdomo wa pampu kina lita 12. Tangi lenye sentimita 3 tupu juu lina nafasi ya lita 18. Sifoni ikikatika usiku, asubuhi utakuta pampu inalia na hakuna maji sakafuni. Kama chumba cha pampu ni kikubwa mno, inua pampu juu ya kipande cha akriliki au hamisha ukuta wa sampu. Kutegemea bahati ni ghali.

Halafu kuna kifaa kinachovuruga hesabu zote hizi: mashine ya kujazia maji baridi (yasiyo na chumvi) badala ya yaliyopotea kwa mvuke. Sensa yake iko kwenye chumba cha pampu. Sifoni ikikatika, chumba kinapungua, sensa inadhani ni mvuke, inafungua maji baridi, pampu inayapandisha, na hivyo hivyo hadi ndoo ya akiba iishe. Unapata mafuriko na chumvi iliyopungua kwa pamoja. Weka swichi ya boya kwenye tangi la juu, sentimita moja juu ya kimo cha kawaida, na iunganishe ili ikiinuka ikate pampu pamoja na mashine ya kujazia. Swichi hizi ndogo ni za umeme wa volti 12. Usipitishe umeme wa ukutani ndani yake, tumia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo). Mashine ya kujazia nayo iwe na kikomo cha muda. Na soketi zote za tangi ziwe nyuma ya swichi ya usalama ya miliampia 30, nyaya zikining'inia chini ya soketi kabla ya kupanda ili tone lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Kufunga

Ning'iniza boksi ili chini ya meno iwe sentimita 4 hadi 5 kutoka juu ya kioo; maji yakitembea yatapanda sentimita 1 hadi 1.5 juu ya hapo. Tumia pimamaji, maana boksi lililoinama linakunywa upande mmoja. Skrubu za nailoni zikaze kwa vidole tu.

Kwenye tenki konekta ya boksi la nje, washa ya mpira inakaa upande wa flenji, ndani, ambako kuna maji. Kaza kwa mkono halafu robo mzunguko. Ukikaza kwa spana akriliki itapasuka, pengine si leo. Jihadhari na nyuzi za kukazia mabomba: vifaa vya Marekani vina nyuzi za NPT, na maduka mengi ya vifaa vya ujenzi Afrika Mashariki yanauza za BSP, za kipimo cha Uingereza. Kwa inchi moja, ya Marekani ina nyuzi 11.5 kwa inchi na ya BSP ina 11. Zinaingiana mizunguko michache, zinakwama, halafu zinavuja. Njia rahisi ni kutumia kiungo cha mpira kilichokuja na boksi na kushusha mpira laini hadi kwenye sampu. Klipu iwe ya plastiki. Za chuma, hata zinazoitwa zisizoshika kutu, mbele ya chumvi hazidumu.

Mpira ushuke bila kulegea katikati, na mwisho wake uzame sentimita 2 au 3 tu kwenye maji ya sampu. Ukizama sana, hewa iliyobebwa inakosa pa kutokea, inarudi juu kwa mikupuo na boksi linabeua. Bomba lililosimama ndani ya boksi la nje liwe na kofia yenye kitundu cha milimita 3 au 4 cha kupumulia. Kelele ikizidi, badili ukubwa wa kitundu hicho kabla ya kugusa kingine chochote. Maboksi mengine huja na sifongo ya kuweka kwenye boksi la nje. Ikikaa wiki bila kusafishwa inaziba, na boksi hilo likifurika linamwaga nje ya tangi moja kwa moja. Itoe. Uchafu ukamatwe na soksi ya chujio kule chini.

Kuanzisha sifoni: jaza maboksi yote mawili kwa jagi hadi miguu ya bomba la U izame. Pitisha mpira mwembamba wa hewa kwenye mguu mmoja mpaka ncha yake ifike mgongoni, vuta hewa kwa bomba la sindano kubwa la hospitali, na bomba likijaa chomoa mpira huku bado unavuta. Mulika mgongo wa bomba kwa tochi ya simu. Pasiwe na povu hata moja.

Sasa jaribu. Zima pampu, subiri dakika 10, weka alama ya kimo cha maji kwenye sampu kwa tepu, washa tena. Rudia mara kadhaa. Kisha fanya jaribio ambalo wengi wanaliogopa: pampu ikiwa inatembea, chomoa bomba la U kwa makusudi, simama na taulo mkononi, na uangalie pampu inaishiwa maji kabla au baada ya tangi kufurika. Ni heri ujue ukiwa umesimama pale.

Usafi

Kila siku, unapolisha samaki, tupia jicho vitu viwili: kimo cha maji kwenye meno na mgongo wa bomba la U. Maji yakipanda juu ya meno kuliko kawaida wakati kimo cha boksi la ndani hakijabadilika, meno yameziba. Boksi la ndani likijaa karibu sawa na tangi, bomba la U limechafuka au lina hewa. Boksi la nje likijaa, tatizo liko kwenye tundu la kutolea au mpira. Ukiyasoma maboksi hivi, huhitaji kufungua kila kitu kutafuta kasoro.

Kila wiki sugua meno kwa mswaki wa zamani na uondoe konokono. Hao hawaishi, hupanda usiku, na mmoja mkubwa anaziba mdomo wa bomba vizuri kabisa. Kofia yenye matundu mapana kwenye mdomo wa bomba inawazuia, mradi nayo isafishwe. Wavu mwembamba juu ya meno unazuia samaki warukaji lakini unaziba haraka, kwa hiyo uweke ukijua umejiongezea kazi.

Mara moja kwa mwezi toa bomba la U. Zima pampu kwanza na mashine ya kujazia pia, subiri maji yatulie, ndipo uchomoe. Brashi ya chupa ya mtoto yenye mpini unaopinda inafika hadi mgongoni. Ute wa ndani unaonekana mwembamba, ila unapunguza kasi ya maji na kuyapa mapovu mahali pa kung'ang'ania. Kwa kuwa bomba linapitisha mwanga, mwani utaota. Lifunge kwa tepu nyeusi na uache dirisha la sentimita 3 pale juu, ili uendelee kuona hewa.

Kila miezi mitatu loweka bomba na boksi lenyewe kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, saa moja au mbili, au gramu 50 za asidi ya sitriki kwa lita moja ya maji. Mwani wa chokaa utalegea wenyewe. Suuza vizuri. Akriliki usiiguse kwa spiriti, petroli wala maji ya moto. Spiriti huiachia nyufa nyembamba kama nywele kwenye viungo. Mdomo wa kurudishia na kitundu chake cha hewa viingie kwenye siki hiyohiyo.

Chumvi inayotambaa kwenye ukingo wa kioo ifute kwa kitambaa chenye maji baridi. Ikiachwa inajenga daraja, na maji yanafuata daraja hilo hadi nje, tone kwa tone, mpaka kabati livimbe.

Mwenye boksi la kunyonya hewa apulize mpira wa hewa kila mwezi na aweke vali ya kuzuia hewa kurudi kati ya chuchu na pampu, la sivyo umeme ukikatika hewa inaweza kurudi kinyumenyume kwenye chemba. Ncha ya kutolea ya pampu hiyo iwe chini ya maji kwa sababu hiyohiyo. Na unapoiagiza, soma kibandiko: zinazouzwa Marekani ni za volti 120, na ukiichomeka kwenye volti 230 haitafika jioni.

Umeme ukikosekana siku kadhaa mfululizo, maji ya maboksi yanapungua kwa mvuke. Ongeza jagi la maji baridi kabla midomo ya bomba la U haijatokeza. Kama una betri ya akiba, ipe kichwa cha kusukuma mawimbi ili samaki wapate oksijeni. Pampu ya sampu inaweza kusubiri.

Kwenye droo weka washa moja ya tenki konekta, skrubu mbili za nailoni, vali ya hewa, na bomba la U la akiba ambalo umeshalijaribu kwenye boksi lako, kwa maana mabomba ya watengenezaji tofauti hayaingiliani, na lile la zamani huanguka na kupasuka ukiwa unalisugua.